Uliyemwona Mlangoni kwa Koko

Mave mwanangu,

Najua kwamba kesho hukusudii kupanda basi la Kisangani. Sijaambiwa na mtu. Nilifungua begi lako nitie ile sweta uliyoisahau kwenye kamba, nikakuta chini ya madaftari mafungu ya ugoro, yamefungwa kwa majani makavu ya mgomba kama koko wako, mama yangu, alivyokuwa akiyapenda. Mwanafunzi wa chuo kikuu hanusi ugoro. Na pembeni kulikuwa na shali nzito ya mtu wa milimani, wakati Kisangani watu wanalala wakitoka jasho. Nimekuzaa mimi, Mave. Siku nyingine ukitaka kunidanganya, jifunze kwanza kufunga begi.

Ugoro nimeuacha mahali pake, na barua hii nimeilaza juu yake. Utaikuta leo hii, maana tangu utoto wako hujapata kufunga begi mara moja ukaliacha. Wewe uko kanisani unawaaga wenzako wa kwaya, jua bado liko juu ya mabati ya jirani, na nyumba iko kimya kuliko ninavyopenda. Mambo ya kuchemsha maji, kusali na kutompa kila mwanaume namba yako nimeyasema miaka yote, nawe umeyasikia kwa sikio moja. Siyarudii. Nataka tuzungumze juu ya simu yako.

Ndiyo, simu. Kama si simu ile, kesho ungepanda basi, ungelia kidogo, ungefika Niania katikati ya njia na vumbi mpaka kwenye kope, ungelala, ungeendelea na safari. Simu ndiyo inayokuita upande wa kaskazini, kwenye kijiji chetu ambacho hatujakanyaga tangu tulipokikimbia kwa vita, kwa sababu ilikuonyesha koko amekaa mlangoni kwake, mzima.

Unakumbuka siku mjomba wako Ngabu alipoileta? Mdogo wangu huyo, tangu aanze biashara ya kwenda na kurudi Kampala, hawezi kukupa hata kiberiti bila mahubiri. Alikuja kukupongeza kwa diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari. Akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yako, akaitoa simu kwenye sanduku lake polepole, akaanza kusoma sifa zake kama mtu anayesoma ukoo wa Yesu.

“Yaya, hii haiko telefone ya muchezo! Iko na kamera quatre, ine nzima. Inaona mu giza. Inaingia mu mayi, haikufi. Inachaji mu dakika trente. Na inafungukaka na sura ya mwenye yake tu, hata ndugu yake hawezi.”

“Mu dakika trente na kuran gani, Ngabu?” nilimwuliza. Nusu saa kwa umeme gani, nao ulikuwa haujaonekana kwetu tangu Jumapili? Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Nikamwuliza tena ni nani hapa Bunia anayeoga na simu. Akasema dada yake mkubwa ni mtu wa zamani.

Si kweli, na nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, usije ukasema mama anachukia kila kitu kipya. Betri ya simu yako inakaa siku mbili bila kuomba kitu, na kwa mji kama huu hilo si jambo dogo. Ujumbe wa sauti ni baraka. Mama Janine, jirani yetu, hajui kusoma, lakini sauti ya mwanawe aliye kwenye machimbo ya dhahabu anaisikiliza asubuhi na jioni mpaka mimi pia naijua kwa moyo. Hivyo ni vitu vya kufaa watu. Vingine nilivihesabu kuwa mapambo tu, na mapambo hayaui mtu. Kosa langu ni kwamba lile jicho la kuvuta vitu vya mbali nililiweka pamoja na mapambo.

“Inavuta cent fois, mara mia, yaya!” Ngabu alisema. Alisimama mlangoni akavuta mnara wa kanisa, tukaona ndege aliyetua juu yake. Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Sasa nikukumbushe simu nyingine. Koko alikuwa na kile kidude cheusi cha tochi ambacho vitufe vyake viwili vilikuwa vimezama kwa mafuta ya mawese. Pale kijijini mtandao ulishika mahali pamoja tu, nyuma ya jiko lake, karibu na choo. Watu wote walikuja kusimama pale, mkono mmoja sikioni na mwingine puani, na koko alimtoza kila mmoja ugoro kidogo. Alisema, “Rezo ni yangu. Inatokaka ku choo yangu.” Hakuna aliyebisha, hata mwalimu mkuu.

Siku ya kukimbia wewe ulimbeba mdogo wako mgongoni, kwa hiyo huenda hukusikia maneno yetu. Koko alikuwa amekaa mlangoni. Hakuwa na hofu, au kama alikuwa nayo aliificha vizuri.

“Mwende,” alisema. “Miye nitabakia. Mbuzi iko na mimba, nitaiacha na nani?”

Mbuzi, Mave. Nilimvuta mkono, akaukaza. Watu walikuwa wanapita mbio, baba yako ananiita njiani, nami nikajiambia tutarudi baada ya juma moja. Hayo tumeshayalilia pamoja, hayana siri. Lakini liko jambo moja ambalo sijapata kukuambia, kwa sababu sikujua niliambie nini.

Tulipofika Bunia nilimpigia kila asubuhi. Simu iliita mpaka ikachoka. Halafu asubuhi moja ikapokelewa. Nikasema, “Mama? Mama, ni miye.” Hakuna aliyejibu. Nilisikia upepo, nikasikia mbuzi akilia karibu kabisa na simu, na nyuma yake sauti nyembamba ya mtoto wa mbuzi. Nikaita tena. Ndipo mtu akahema, mara moja, taratibu, kama anayeshusha mzigo. Kisha ikakatika, na tangu siku hiyo haikupatikana tena.

Pumzi ile imenikaa sikioni miaka yote. Sijui ilikuwa ya nani. Lakini kile kidude cha tochi, maskini, hakikuniongezea chochote. Mtu alihema, kikanipa kuhema kwake. Hakikujaribu kunitengenezea sauti ya mama.

Twende sasa mlimani. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi yake tulikuwa tumepanga kuondoa matanga ya koko. Wewe, mimi na Ngabu tulikwenda kuvuna maharage ya kulisha wageni, kwenye yale mashamba ya ukingoni ambako watu waliohama huenda alfajiri na kurudi kabla jua halijageuka, kwa sababu wanajeshi wako karibu. Ng'ambo ya bonde ndiko kwetu. Kwa macho hukuona kitu ila mstari wa mikaratusi na doa la bati lililoshika kutu.

“Mave, ile ndjo nyumba yetu?” Ngabu aliuliza. “Vuta. Vuta tena.”

Ulivuta. Picha ilitetemeka, ikawa rojorojo, rangi zimeingiliana. Halafu ikatulia yenyewe, na mbele ya macho yetu ikaanza kujisafisha. Kwanza mlango, halafu mtu aliyekaa mlangoni, kilemba kichwani, uso wake umetuelekea.

Ngabu alipiga magoti kwenye maharage. “Ni mama ule! Iko anaikala ku mulango!”

Nawe ukaanza kuruka ruka. “Mama, angalia, koko iko muzima!”

Niliangalia, na nitakuambia kweli, nilimwona mama yangu. Niliona hata mdomo wake ulivyokunjwa, kama alivyoukunja akishanusa. Ukapiga picha. Ukapiga nyingine baada ya muda mdogo, na katika ile ya pili mlangoni hapakuwa na mtu. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, mikono imening'inia, uso bado umetuelekea. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwona akiinuka. Niliondoa macho kwenye kioo nikatazama mwenyewe, nikaona mikaratusi na doa la bati. Tukapunga mikono. Watu wazima na akili zetu, tulisimama pale tukalipungia mikono doa la bati, na mimi nililia kwa furaha mpaka wanajeshi wakaja kutuuliza kuna nini. Hawakuturuhusu kushuka. Walisema kule chini hakuna mtu anayetakiwa kuwako, na aliyeko hawamjui.

Neno hilo la mwisho sikulisikia siku ile. Nimelisikia baadaye.

Kosa lililofuata ni langu peke yangu. Unajua desturi ya ukoo wetu: mtu akipotea na mwili wake usionekane, hukatwa mgomba, shina lenye kimo chake, likavishwa nguo zake, likalazwa mkekani na kuitwa kwa jina lake, likaliliwa na kuzikwa. Asipozikwa hivyo, hana pa kulala, na waliobaki nao hawalali. Mgomba wa koko ulikuwa umeshakatwa. Ulikuwa umevaa kitenge chake cha bluu, kile kilichobaki kwenye furushi letu, na kilemba. Ulikuwa umeshaitwa jina. Tukarudi kutoka mlimani na picha zetu mbili, tukazionyesha, na Mama Janine anayeongoza nyimbo akashika kiuno.

“Sasa tunafanya namna gani? Mutu hawezi kuzika mutu muzima.”

Wote wakanitazama mimi, binti wa kwanza. Nami nikasema tusizike. Sikuuliza, sikungoja, sikusema hata tulale kwanza tuamke. Wageni walikula maharage bila wimbo wakaenda zao.

Mgomba ukabaki. Kuuzika tulikuwa tumekataa, kuutupa nani angethubutu? Nikausimamisha nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, na nguo zake zote. Unajua ubishi wa mgomba, ukiukata moyo wake huendelea kusukuma. Asubuhi ya pili kilemba kilikuwa kimeinuka. Ile ya tatu kilikuwa kimeanguka upande mmoja, na pale kichwani limechomoza jani jipya, jeupe, limejiviringa, limenyooka juu. Wewe ulisema ni ishara kwamba koko yu hai. Wadogo zako waliacha kwenda chooni peke yao.

“Mama Mave, ile mugomba utaiweka mpaka lini?” Mama Janine aliniuliza. “Batoto banaiogopa. Hata miye naiogopa.”

Nilikuwa nakutazama wewe. Uliacha kuzungumza habari za Kisangani. Kila siku ulikaa na picha ile, ukiikuza kwa vidole viwili, ukimsalimu kama yeye alivyokuwa akikusalimu, “Majina yangu,” kwa kuwa jina lenu ni moja. Nilikuwa nakuonea wivu. Mimi nilimpata mama yangu kwa zamu tu, wewe uliponifungulia simu.

Ndivyo ilivyotokea juzi. Ulikwenda kutoa fotokopi za karatasi zako, ukaiacha simu mezani inachaji. Nilitaka tu kumtazama mama. Niliinama juu yake, sijagusa kitu, ikafunguka.

Nilirudi nyuma nikakaa. Ngabu aliapa kwamba inafunguka kwa uso wa mwenyewe tu, hata ndugu hawezi. Ilinitazama mimi, mwanamke mwenye nywele nyeupe na meno mawili pungufu, ikaniona ni wewe. Hapo ndipo wazo lilipoingia, na likiingia halitoki: kitu kinachoshindwa kunitofautisha na wewe hapa mezani, kimemtambuaje mama yangu ng'ambo ya bonde?

Nilimwita Mama Janine. Aliponisikiliza alisema nimepatwa na wazimu, kisha akavua viatu ili anisaidie. Tuliubeba mgomba, yeye miguuni mimi kichwani, tukavuka kijito, tukaupandisha mpaka kwenye ile nyumba isiyomalizika upande wa pili, yenye tundu la mlango bila mlango. Tukauketisha kwenye kiti pale mlangoni. Tulifunga kilemba vizuri juu ya lile jani. Kisha tukarudi upande wetu, tukageuka. Kwa macho kulikuwa na doa la bluu, basi.

Nikavuta. Picha ilitetemeka, ikawa rojorojo. Ikatulia. Ikaanza kujisafisha.

Nikaona kilemba, nikaona kitenge. Na chini ya kilemba, Mave, kulikuwa na uso. Paji la uso, macho mawili yanayotutazama, mdomo uliokunjwa.

Mama Janine alikuwa anachungulia begani kwangu. “Jina ya Yesu,” alisema, akarudi nyuma. “Ile iko mugomba. Tumeibeba siye wawili. Mama Mave, ile iko mugomba!”

Niliinua macho: doa la bluu, halijasogea. Nikarudisha macho kwenye kioo: uso. Nikapiga picha, na sikutaka kwenda kuuchukua ule mgomba. Tulikwenda kwa sababu tungeuacha, watoto wa watu wangeukuta. Tuliubeba, na nilikwenda kinyumenyume sehemu kubwa ya njia kwa kuwa sikutaka kuupa mgongo.

Nyumbani nikataka kuzilinganisha picha. Simu yako ina mahali ambapo inawapanga watu yenyewe, kila mmoja na kiduara cha uso wake. Kiduara chako kimejaa. Nikakifungua: wewe na diploma, wewe na kwaya, wewe umetoa ulimi, wewe na wadogo zako kwenye kitanda. Na katikati yao, mgomba. Na baada ya mgomba, zile picha mbili za mlangoni kwa koko. Hakuna aliyeziweka pale. Simu iliziweka, kwa sababu kwake wote hao ni mtu mmoja.

Nilizikuza kama unavyozikuza wewe. Nikatazama paji la uso, kisha nyusi. Ule wa kushoto umekatika katikati, pale ulipoangukia jiwe la kusagia ukiwa na miaka minne nami nikakimbia nawe mpaka kwa muuguzi nikiwa pekupeku. Mgomba una kovu lile. Na yule wa mlangoni analo. Koko hakuwa na kovu usoni maisha yake yote. Nilimwosha uso huo alipougua, naujua kwa vidole.

Yule uliyemwona mlangoni si koko. Ni wewe, umezeeshwa.

Sijui mafundi wanasemaje, na Ngabu nilipomwuliza alianza tena kusoma sifa. Mimi naelewa hivi. Simu ile tangu itoke sandukuni imekula uso wako, mara ngapi kwa siku Mungu anajua. Ikitumwa mbali ambako haioni, inaona haya kurudi mikono mitupu, basi inaleta ule inaoujua. Nasi wenye msiba tukamalizia kazi. Unafanana na koko, wote wanasema, hivyo Ngabu alimwona mama yake, nami nikamwona wangu. Pengine nakosea namna, lakini kovu sikukosea.

Ningependa kuishia hapo, iwe hadithi ya wajinga watatu na simu ya gharama. Lakini sijalala tangu juzi, na sababu nitakuambia. Chini ya ule uso wa kwenye nyumba isiyomalizika kulikuwa na mgomba. Simu iliongeza uso, haikuongeza mgomba. Basi hata kule kijijini, chini ya uso wako, kulikuwa na kitu. Kilikaa mlangoni kwa mama yangu. Kisha kiliinuka, kikaenda kusimama kwenye pembe ya nyumba, na kikatuelekea. Aliyeko hawamjui, walisema wanajeshi. Namna alivyosimama kwenye ile picha ya pili, Mave, mimi naona kwamba yeye alituona vizuri sana, tena bila simu.

Naogopa. Nimeogopa vita, nimeogopa njaa, nimeogopa baba yako alipoanza kukohoa, lakini hofu hii ni ya namna nyingine. Nina picha ya binti yangu amekaa kwenye mlango ule, amezeeka, ametulia, kama mtu aliyefika. Na kesho binti yangu anataka kwenda huko na ugoro mkononi. Sitaki simu ile iwe imesema kweli kwa bahati mbaya.

Leo asubuhi, ulipokuwa unahangaikia mihuri, tumemzika koko, mgomba wake na nguo zake zote. Ngabu alichimba, karibu na baba yako. Mama Janine aliimba chini chini, wimbo wote, hakuruka ubeti. Udongo wa kwanza ni haki ya mwenye jina, na mwenye jina ni wewe. Niliutupa kwa niaba yako, na kama hilo limekuchoma, ulie na unigombeze, una haki. Sikukungoja kwa sababu nilijua ungesema tena kwamba mtu hazikwi akiwa hai, na mimi nisingekuwa na nguvu ya kukushinda. Mama yangu amekufa. Nimeandika maneno hayo kwa mara ya kwanza hapa, na kalamu imepita bila kukwama. Nafikiri alikufa kabla ya ile asubuhi ya mbuzi, au asubuhi ile ile. Nimechoka kumwamsha.

Sikuambii uitupe simu. Nenda nayo Kisangani, betri yake ni nzuri, nitumie sauti yako nami nitaisikiliza mpaka Mama Janine aijue. Picha sikuzifuta. Zitazame mwenyewe, utazame nyusi. Ila kile kilicho mbali nenda kakisogelee, na kama hakisogeleki, kubali kwamba hukioni. Mimi nilishindwa kukubali, nikasimamisha maombolezo ya ukoo mzima kwa ajili ya kioo.

Ngabu anataka tufiche viatu vyako. Nimemwambia mtoto wa kufichiwa viatu huondoka pekupeku. Sitakufungia, sitakushika mkono mbele ya watu. Kesho nitatoka nyumbani kabla yako. Pale uwanjani mabasi ya Kisangani yanasimama upande mmoja, na magari ya kwenda kaskazini upande mwingine, unapajua, umeshakwenda kuuliza. Mimi nitakuwa nimekaa ndani ya gari la kaskazini, kiti cha dirishani, na shali yangu. Nikikuona umepanda basi, nitashuka, nitarudi nyumbani kwa miguu, nitalia njia nzima na nitakuwa na furaha. Ukija upande wangu, sitakuuliza neno. Nitakusogelea upate nafasi, na tutakwenda wote wawili mpaka mlangoni pale, tumwone aliyekaa. Mama yangu nilimwacha peke yake kwa kuwa nilikuwa na haraka. Wewe sikuachi.

Wadogo zako nimeshawapeleka kwa Mama Janine, na nguo zao za shule, na sufuria kubwa. Yule wa mwisho alinifuata mpaka njiani akaniuliza, “Mama, utarudia lini?” Nikamwambia mimi sijui, amwulize Mave.

Ni mimi,
Mama yako.